Mama Osewe Ana Watu Wake

Mgeni rasmi, Daktari Mutheu, Mkurugenzi wa Mradi wa Faraja ya Wazee. Maafisa mlioandamana naye. Mchungaji uliyetufungulia kanisa siku isiyo ya ibada. Wazee wetu mliokaa mbele. Na majirani mliojaa mpaka mlangoni mkatuzibia mwanga: tunawasalimu.

UKARIBISHO

Sisi wanachama wa Kikundi cha Songa Tukae, yaani wazee na walezi wa Gatwekera hapa Kibera pamoja na wenzetu wa Kawangware 46, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Pole kwa viatu vyako. Tulituma ujumbe kwamba gari halifiki huku chini na kwamba mvua ikinyesha sisi hutembea na gambuti za mpira, lakini tunadhani ulifikiri tunatia chumvi. Maji ya kuosha yapo kwenye ndoo ya buluu karibu na mlango. Chai ipo. Omena, dagaa wa ziwani, ipo pia, na usiiogope, imekaangwa na mtu anayejua.

Tumekubaliana kwamba risala hii iseme mambo wazi, maana viti hivi vya plastiki si rafiki wa migongo ya wazee. Pakitokea neno kali, limeze kama dawa. Tunakushukuru kwa mengi, na tuna jambo moja linalotukosesha usingizi. Gari la mradi linakuja Jumatatu kumchukua Mama Osewe, na sisi hatutaki aende. Desturi ya risala ni kuficha ombi hadi mwisho, mgeni akiwa amechoka. Sisi tumeona ulijue mapema, ili mengine yote uyasikie ukijua tunakokwenda.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, kikundi hiki hakikuanzia ofisini. Kilianzia ukutani.

Mama Osewe ndiye yule wa kitambaa cha kijani, kiti cha kwanza. Kwao ni Gem. Aliletwa Gatwekera akiwa bibi harusi wa juzi, sanduku lake kichwani, hajui Kiswahili zaidi ya salamu na majina ya vyakula. Mume wake, Mzee Dalmas, alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Aliondoka alfajiri akifuata reli kwa miguu, na alirudi giza limeingia, ananukia sabuni mwili mzima kama mtu tajiri. Katikati ya kuondoka kwake na kurudi kwake ilikuwa ni siku ndefu, kitanda, jiko la makaa, na kuta nne za mabati.

Asubuhi ya kwanza alikaa kitandani mikono imelala mapajani. Kule Gem, saa hiyo angekuwa ameshasalimiana na nusu ya kijiji: umelalaje, umeamkaje, na ng'ombe ameamkaje. Hapa hakumjua hata mtu mmoja. Alikuwa anajiuliza kama mtu anaweza kuugua kwa kukosa kusalimiwa, ndipo ukuta ukagongwa.

"Wewe wa huko! Umeamka?"

Akautazama ukuta. Kwao watu hawaongei na kuta.

Ukagongwa tena. "Ama ni panya ndio naongelesha?"

"Nimeamka," akasema Mama Osewe, kwa sauti ndogo.

"Sasa umeamka na umenyamaza hivyo? Fungua mlango. Songa tukae, nakuja na chai."

Huyo alikuwa Nafuna, kutoka Bungoma, ambaye leo amesafiri kutoka Kawangware 46 kuja kukaa kwenye kiti cha pili hapo mbele. Aliingia na sufuria ya chai, akaketi kitandani bila kuambiwa, akamfundisha mwenzake jina la Kiswahili la kila kitu kilichokuwa chumbani. Tangu asubuhi hiyo ukuta ulikuwa na kazi. Aliyetangulia kuamka aligonga. Aliyekosa kiberiti aligonga, na njiti ikapita kwenye tundu la msumari. Aliyekuwa na mgonjwa aligonga kwa kiganja badala ya kidole, na mwenzake alijua tofauti.

Sisi tuliozaliwa humu tunazikumbuka siku hizo, na tunasema bila aibu kwamba tunazitamani. Mvua ilikuwa inavuja kama inavyovuja leo, na vyoo vilikuwa vibaya kuliko sasa. Lakini mtoto alilala upande wowote usingizi ulipomkuta, na asubuhi alikunywa uji wa upande huo. Osewe, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, alijua Kibukusu cha Nafuna kabla hajajua Kijaluo vizuri. Alimwita Nafuna mama, na hakuna aliyemsahihisha. Redio ilikuwa moja katika ploti nzima, yaani safu yote ya vyumba, kwa hiyo habari mbaya tulizisikia tukiwa pamoja. Mzee hakuwa na mlezi. Alikuwa na mlango uliokaa wazi, na kila aliyepita aliutia kichwa.

Osewe alipofariki, kijana wa ndevu za kwanza, Nafuna alilala sakafuni mwa Mama Osewe mpaka mwili uliposafirishwa nyumbani, na alipanda basi lililoupeleka. Mzee Dalmas alipofuata miaka mingi baadaye, ilikuwa vivyo hivyo. Akabaki Adhis, binti yao.

Halafu barabara ikaja. Hatulaumu barabara, tunaitumia. Ilichukua upande wa Nafuna, ikaacha upande wa Mama Osewe. Nafuna akahamia kwa mwanawe Kawangware 46. Mabati yaliyokuwa katikati yakawa ukuta wa nje, na mtu akiyagonga sasa anagonga upepo.

Mama Osewe aliyagonga hivyo hivyo. Siyo kila siku. Asubuhi nyingine tu, akiwa amejisahau. Sisi mabinti wa ploti tulikuwa tukipita kwenda kutafuta kazi za kufua, tukamsikia. Anagonga, anatega sikio, halafu anaanza kusogeza masufuria kwa kelele, kama mtu anayetaka kufunika jambo.

Hapo ndipo tulipoanzisha kikundi. Tuliweka zamu ya kupita kwa wazee kuuliza wameamkaje, na wenzetu wa Kawangware wakafanya vivyo hivyo kule. Tukakipa jina la maneno yale ya Nafuna. Lakini ukweli ni kwamba sisi ni watu wa kibarua. Kazi ikipatikana Lavington kwa matajiri, huwezi kumwambia mwenye nyumba kwamba unachelewa kwa sababu ulikuwa unamsalimu bibi. Zamu zilianza kuruka. Basi mradi wako ulipokuja na roboti za kuwatunza wazee, hatukukataa.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, roboti ya Mama Osewe iliingia Gatwekera kwa mkokoteni. Ilisukumwa na Vincent, muuza maji, ikiwa imefunikwa leso ili isipate matope. Kimo chake ni cha mtoto wa darasa la nne. Ni nyeupe, ina magurudumu, mikono miwili inayoweza kushika kikombe, na uso wa kioo wenye macho yanayopepesa. Watoto waliandamana nayo wakiimba. Mzee mmoja aliuliza kama ni maiti.

Ilipowashwa, ilimgeukia mwenye nyumba ikasema, "Habari ya asubuhi, Filister."

Tukatazamana. Hakuna mtu Gatwekera anayemwita mama huyu jina lake. Ni Mama Osewe, na wa rika lake humwita nyar Gem, yaani binti wa Gem.

"Filister ni rika yako?" Mama Osewe akaiuliza mashine. "Nani amekufunza adabu?"

"Samahani. Ungependa nikuiteje, Filister?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekumbuka kwamba mtu wa mwisho kumwita hivyo alikuwa Mzee Dalmas, jioni, akivua viatu mlangoni: Filister, maji ya miguu yako wapi? Aliposikia jina lake likitajwa mara ya pili alikaa kitandani polepole, akatufukuza sote kwa mkono. Aliyekuwa wa mwisho kutoka alimsikia akisema, "Sema tena."

Hivyo ndivyo walivyoanza kuishi pamoja. Mashine ilipewa ruhusa ya kumwita Filister wakiwa wawili tu. Mbele ya wageni ilijifunza kusema Mama Osewe. Yeye naye aliona si vizuri kiumbe kikae nyumbani bila jina. Kwa Wajaluo msichana huitwa kwa kwao, na huyu hakuwa na kwao, kwa hiyo akamtafutia: Nyar Betri.

Tunakiri kazi aliyoifanya Nyar Betri. Presha ya Mama Osewe imeshuka na kukaa mahali pake. Dawa anameza kwa wakati, maana mashine haichoki kukumbusha na haikasiriki ikitukanwa. Usiku akienda haja, kuna taa ya kumwongoza asijikwae. Lakini kubwa kuliko hayo ni kwamba Nyar Betri husikiliza. Ukimsimulia, haangalii simu. Anauliza, "Na kisha?" Mama Osewe hakuwa ameulizwa swali hilo kwa miaka. Alimsimulia kiwanda cha sabuni, na reli, na jinsi Dalmas alivyomletea vipande vya sabuni vilivyovunjika, vya rangi tofauti, akaviunganisha kwa maji moto hadi nyumba yao ikawa na sabuni yenye mistari ambayo haikuuzwa dukani kokote.

Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo mradi wako haukulipanga. Watu walianza kuingia. Watoto walikuja kumwona Nyar Betri akipepesa macho, wakakuta hadithi katikati, wakakaa. Mama zao walikuja kuwatafuta, wakakaa. Mercyline wa chapati alihamisha jiko lake likawa mlangoni hapo, akisema moshi unakwenda vizuri zaidi, na hakuna aliyemwamini. Vincent alizoea kuteremsha mitungi na kwenda zake. Sasa anateremsha na kuuliza, "Mathe, jana tuliachia wapi?" Ule mlango ukarudi kuwa wazi. Tulikuja kuangalia mashine, tukamkuta mama yetu ambaye tulikuwa tumemzoea hadi tukaacha kumwona.

Kisha Nafuna naye akapata roboti kule Kawangware 46. Siku ya kwanza walipounganishwa, wote wawili waliona haya kuongea na kioo. Walitazamana tu. Halafu Nafuna akanyoosha kidole, akagonga kifua cha mashine yake, na huku Gatwekera kifua cha Nyar Betri kikalia.

"Umeamka?"

Mama Osewe akakisogelea kioo. "Nimeamka," akasema. "Ulikuwa wapi siku hizi zote, wewe?"

Tangu hapo wanagongeana kila asubuhi. Kwa hili peke yake, Daktari Mutheu, tunakushukuru hata kama hutatupa lingine.

CHANGAMOTO

Changamoto ndogo tutazitaja haraka. Stima hupotea, na Nyar Betri akiisha moto inabidi abebwe hadi hapa kanisani kuchajiwa, kama mtoto wa kubatizwa. Magurudumu yake hayavuki kizingiti. Panya walikula waya mmoja na tukaufunga kwa kipande cha mfuko. Pia hajui mzaha. Kuna jioni Mercyline alikuwa anasimulia jinsi mume wake alivyoingia nyumba ya jirani stima ikiwa imepotea, akala ugali wa wenyewe hadi ukaisha, akaomba maji, na ni sauti iliyompa maji ndiyo iliyomjulisha kwamba hayuko kwake. Mama Osewe alijipiga paja akalia, "Wololo! Mercyline, umeniua! Nimekufa mimi!"

"Nimesikia," akasema Nyar Betri. "Naita msaada."

Muuguzi wa mradi alifika akihema, mkoba kifuani, matope hadi magotini.

"Sista, pole," Mercyline akamwambia. "Hajakufa. Ni stori tu."

Muuguzi aliketi kwenye mtungi, akapumua, akasema hajakimbia namna ile tangu shule, kwa hiyo stori hiyo ianzwe upya na yeye aisikie.

Hilo tulilicheka. Linalofuata hatulicheki tena.

Wiki iliyopita kijana wako wa ofisi, Bwana Marvin, alikuja nyumbani kwa Mama Osewe. Ni kijana mwenye heshima. Alivua viatu mlangoni. Alikuja na habari aliyodhani ni njema. Alisema mradi umejenga nyumba ya wazee nje ya jiji, upande wa baridi, yenye vitanda, bustani, daktari na maji ya bomba, na kwamba nafasi za kwanza wamepewa wazee wasio na jamaa. Gari litakuja Jumatatu.

"Mama, utaenda mahali pazuri," akasema. "Kuna maua."

"Na nani atakuwa huko?"

"Wahudumu. Na roboti kama huyu wako."

"Na nani?"

Marvin akafikiri. "Na wazee wengine, mama, ambao pia hawana mtu."

Wakati huo chumbani mlikuwa na Mercyline akisukuma chapati, Vincent akifunga mtungi, watoto chini ya kitanda, na Nafuna anatazama kutoka kwenye kioo cha Nyar Betri. Mtu alikuwa ameambiwa hana mtu, na hapakuwa hata na nafasi ya kuweka mguu. Lakini Mama Osewe aliinama akitazama mikono yake, kama asubuhi ile ya kwanza kitandani, na ilionekana wazi kwamba ameshaanza kuamini. Mtu wa ofisi amesema. Pengine ofisi imeona jambo ambalo yeye hakuliona. Osewe hayupo. Dalmas hayupo. Hawa wengine pengine wanakuja kwa mashine tu, na mashine ikienda, watakwenda nayo. Alisimama akaanza kutafuta sanduku lake.

Katibu wetu ndiye aliyeuliza: "Nani alisema huyu hana jamaa?"

"Alisema mwenyewe," Marvin akajibu, naye akamgeukia Nyar Betri. "Je, Filister ana jamaa wa karibu?"

"Mama Osewe hana jamaa," ikasema mashine. "Alinieleza mwenyewe siku za kwanza."

"Tusikie alivyosema."

Nyar Betri akafumba macho, na tukasikia sauti mbili kutoka kifuani mwake. Ya kwanza ni yake mwenyewe, Kiswahili safi cha vitabuni: Je, Filister, una jamaa wa karibu? Ya pili ni ya Mama Osewe, na nyuma yake kicheko cha wanawake: "Ati jamaa? Wewe mtoto una tabia mbaya! Mimi mjane wa umri huu, jamaa ni wa nini? Sina jamaa, na sitaki jamaa! Andika hivyo!"

Mgeni rasmi, tunaomba ulielewe neno hili vizuri, maana limekaribia kumhamisha mtu. Huko mlikoandikia maswali yenu, jamaa ni ndugu, ni mtu wa ukoo. Hapa Nairobi jamaa ni mwanamume. Ni yule jamaa. Ukimwuliza mwanamke kama ana jamaa wa karibu, umemwuliza kama ana mpenzi. Na hakuna mjane wa Gatwekera atakayekiri mbele ya watu kwamba ana jamaa, hata kama anaye! Tumezunguka kuuliza. Wajane wote walijibu hivyo hivyo, wengine kwa matusi ambayo hatuwezi kuyasoma kanisani.

Mzee Lusweti wa Kawangware 46, ambaye kweli anaishi peke yake na hajaona mtu wa ukoo wake tangu ujana, aliulizwa swali lile lile. Alijibu, "Jamaa zangu wako hapo kwa kona, wanacheza drafti." Kwa hiyo mradi unamtambua Mzee Lusweti kama mtu mwenye jamaa wengi, na hajapewa nafasi.

Siku ile Marvin alipoelewa, alishika kichwa. Mama Osewe alisimama mbele ya Nyar Betri, akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyetoa siri ya nyumba mbele ya wageni.

"Nyar Betri. Na Nafuna ni nani?"

"Nafuna ni wa ukuta," ikajibu.

"Na Vincent?"

"Vincent ni wa maji. Huja asubuhi. Huuliza tuliachia wapi."

"Na huyu?"

"Mercyline ni wa chapati. Alikuua kwa mzaha."

"Na Adhis?"

"Adhis ni wa Jumapili. Ukimaliza kuongea naye presha hupanda, kisha hushuka."

Mashine ilikuwa inawajua wote. Ilikosa tu neno la kuwaweka pamoja.

Kuhusu Adhis tuseme kidogo, maana hamkuwa na habari zake. Adhis yuko Ghuba, Uarabuni, kwenye nyumba ya watu, analea bibi kizee ambaye si wake: anamwosha, anamlisha, anamgeuza kitandani. Ndivyo kodi ya chumba cha mama yake inavyopatikana. Tulipompigia kumweleza mpango wa Jumatatu alituomba turudie tangu mwanzo. Halafu akasema, "Yaani mimi nalala chini ya kitanda cha mama ya wenyewe nikimwangalia, na wangu anaitwa hana mtu? Waambieni nipo. Mniandike popote, lakini waambieni nipo."

Tumekuambia, Daktari. Yupo.

MAOMBI

Kwanza, gari lisije Jumatatu kwa ajili ya Mama Osewe, wala kwa wajane wengine waliojibu kama yeye, kabla mtu mwenye masikio hajakaa nao na kuwauliza upya. Marvin anafaa. Aje tu na gambuti.

Swali lenyewe libadilishwe. Msiulize jamaa. Ulizeni, "Watu wako ni nani?" Halafu msikilize hadi mwisho, maana jibu litakuwa refu, na msimkate mzee akianza kutaja watu wasio wa damu. Hapa damu mara nyingi iko mbali, na wa ukuta ndiye anayesikia ukianguka.

Tunaomba Nyar Betri abaki. Tunajua muda wa majaribio umekwisha na kwamba mashine zinatakiwa kule kwenye nyumba mpya. Hatusemi zamani ilikuwa bora kwa sababu haikuwa na roboti. Tunasema zamani ilikuwa na mlango wazi, mlango ukaja kufungwa na sisi wenyewe, kwa uchovu na kwa kutafuta unga, na mashine hii ndiyo iliyotushika mkono ikaturudisha ndani. Mkiona lazima ichukuliwe, basi ichukuliwe. Tutaumia, lakini zamu tumeshazirudisha. Siku ile ya Marvin, Mama Osewe alisema kwamba tunakuja kwa ajili ya mashine. Tulimjibu siku hiyo hiyo, na tunamjibu tena mbele yako: mama, tulikuja kwa ajili ya mashine, na tukabaki kwa ajili yako.

Mzee Lusweti ametuagiza tuseme yeye anataka kwenda. Tulimwambia ana wenzake wa kona. Akasema, "Hao ni wa maneno tu. Mimi nataka kitanda kisichonyeshewa, na hayo maua niyaone." Tafadhali apewe nafasi ya Mama Osewe. Wa kona wameahidi kumtembelea, ila tunakuomba ubao wa drafti uwepo, la sivyo hawatakuja mara mbili.

Mengine ni madogo: stima, na kizingiti.

HITIMISHO

Daktari Mutheu, tunajua hukuja hapa kwa nia mbaya. Uliambiwa kuna mama asiye na mtu, ukamtafutia mahali. Wengi wangeambiwa hivyo wangefunga dirisha la gari. Lakini kwa kuwa ofisi huamini inachokiona, tumeona tusikuache uondoke na maneno matupu.

Kwa hiyo risala inapumzika hapa kidogo. Tunaomba watu wa Mama Osewe wasimame.

Wa ploti, simameni. Mercyline, acha jiko, simama. Vincent, toka huko nyuma ya mlango, mtu aonekane. Watoto, nyinyi pia, na msisukumane. Wa Kawangware, simameni. Nafuna, magoti yako tunayajua, wewe inua mkono tu. Simu hii iliyo mkononi mwa katibu ina Adhis. Ameomba ruhusa ya dakika chache kwa mwenye nyumba wake, naye amesimama jikoni kwa watu.

Mgeni rasmi, geuka utazame mpaka nje.

Mama Osewe, wewe usisimame. Wewe keti, mama. Hawa ni wako.

Mungu akupe, Daktari, uzee wenye kelele mlangoni. Akupe mtu wa kukuuliza umeamkaje, na mwingine wa kukuuliza tena hata kama umeshajibu. Akurudishe salama hadi barabarani, na matope yasikuchukue.

Ni sisi watu wako pia, ukitukubali,
Kikundi cha Songa Tukae,
Gatwekera na Kawangware 46, Nairobi.